Paipu ya Mshazari Ukutani kwa Hajati

Hajati aliniita nimtundikie televisheni. Ilikuwa Iganga, Uganda, mwaka wangu wa tatu tangu nianze kuchukua kazi za ufundi umeme peke yangu, na mwanawe alikuwa amemtumia televisheni bapa ikiwa bado na nailoni zake. Mtaa mzima umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Sikujali, drili yangu ilikuwa ya betri. Nikautazama ukuta wa sebule: soketi iko chini kushoto karibu na kona, swichi iko mlangoni upande wa pili kabisa, katikati hakuna kitu. Nikapitisha kalamu ya kupimia umeme juu ya plasta. Kimya. Nikachukua penseli, nikaweka alama nne.

Tundu la kwanza na la pili yalitoa unga mwekundu wa tofali, kama kawaida ya matofali yetu ya kuchoma. La tatu, drili ilizama ghafla, kama kijiko kwenye parachichi, na vumbi lililotoka lilikuwa na nyuzi nyeupe zilizojikunja, kama kucha zilizokatwa. Niliziona. Nikazipuliza. "Tofali bovu hilo," nikasema moyoni, nikaendelea na la nne. Nikafunga chuma, nikaning'iniza televisheni, Hajati akaleta chai ya tangawizi na sahani ya kabalagala.

Umeme ulirudi nikiwa kikombe cha pili. Mlio mmoja tu, pa!, kutoka nyuma ya televisheni, kama mtu amekanyaga kopo tupu, na feni iliyokuwa imeanza kuzunguka ikasita hapohapo. Breka ilikuwa imejizima. Kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikaja taratibu. Hajati hakupiga kelele. Aliweka birika chini, akasema "Astaghfirullah," akaniangalia. "Mwanangu, umeniletea nini ndani ya nyumba?"

Nilipovunja plasta nikaiona paipu ya kupitishia nyaya. Ilitoka kwenye soketi ya chini kushoto, ikapanda mshazari kuvuka ukuta mzima, ikatokea juu kulia kwenye taa ya nje iliyofungwa upande wa pili wa ukuta uleule. Fundi aliyetangulia hakutaka kupanda wima hadi juu kisha kwenda mlalo. Njia ya mkato ilimwokolea kona moja na kipande cha paipu. Skrubu yangu ya tatu ilipita katikati ya paipu hiyo, ikazigusa waya zote mbili kwa pamoja. Hiyo ndiyo ilikuwa bahati ya siku ile, maana zilipogusana breka ilifanya kazi yake. Ndani ya paipu hakukuwa na waya wa erthi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Kama skrubu ingegusa ule mwekundu wenye umeme peke yake, breka isingejua lolote. Kile chuma cha televisheni kingebaki na volti 240, kimya, kikingoja mjukuu wa Hajati apande juu ya kochi.

Na kalamu yangu? Ile hunusa umeme uliopo. Mtaa ukiwa gizani haina cha kunusa, na mimi niliusoma ukimya wake kama jibu. Tangu siku hiyo kifaa chochote cha kupimia nakijaribu kwanza mahali ninapojua pana moto, yaani umeme, halafu ninapotaka kupima, halafu narudi tena pale penye moto kuhakikisha hakijafa katikati ya safari. Mahali penye moto pasipopatikana, sipimi.

Nilirudishia plasta kwa pesa yangu, nikanunua na rangi. Rangi ikagoma kufanana na ya zamani.

Jioni nilimpigia simu mzee aliyenifundisha kazi. Mimi nimekulia kambini, baba akiwa askari polisi. Kambini mtoto wa Mteso, wa Mlugbara na wa Msoga wote wanagombana kwa Kiswahili, ndiyo maana mpaka leo nahesabu, naota na kutukana kwa Kiswahili, hata nikifanya kazi Kampala ambako kila mtu ananisalimia kwa Kiganda. (Kulikuwa na taabu ndogo hapo. Kuanzia 2005 hadi mwisho wa Machi 2025 neno "umeme" hapa kwetu lilikuwa jina la kampuni ya kusambaza stima. Ukibisha hodi ukasema "mimi fundi umeme," mtu aliyejiunganishia kwa njia za panya alikuwa anafunga mlango na kuruka dirishani.) Mzee aliyenifundisha kazi ni Mnubi wa Bombo. Alianza kushika waya miaka ya sitini. Hakuwahi kuniambia nimwite mwalimu wala bosi. Nilimwita Mzee, na mpaka leo ni Mzee.

"Uliuliza ukuta kabla ya kumwuliza fundi," akaniambia baada ya kusikiliza kisa chote.

"Fundi gani, Mzee? Hata simjui."

"Huyohuyo usiyemjua."

Nilikuwa nimesahau. Mzee alikuwa na desturi iliyokuwa ikinikera nilipokuwa kijana. Tukifika nyumba ngeni anafunga mikono mgongoni, anasimama katikati ya chumba hata dakika kumi, haongei. Mimi nimebeba ngazi, jasho linanitoka. Halafu anauliza: "Huyu alikuwa na haraka ya nini?" Alimaanisha aliyepitisha paipu. Kwa Mzee, paipu iliyofichwa ukutani ni mwenendo wa mtu. Mtu huyo alilipwa kwa siku au kwa pointi, yaani kwa kila taa au soketi? Paipu alinunua yeye au mwenye nyumba? Fundi anayelipwa kwa pointi na kununua paipu mwenyewe atakata kona popote zinapokatika. Anayelipwa kwa siku na kuletewa paipu na mwenye nyumba atazunguka ukuta mzima, tena kwa ustadi, na atamaliza Ijumaa.

Kanuni za Kiingereza tulizorithi zinataka paipu au waya uliofichwa upande wima au ulale sawa na swichi au soketi, au upite karibu na pembe ya ukuta au karibu na dari, ndani ya sentimita 15. Ukizifuata, mtu yeyote atakayekuja baadaye akiona soketi anajua juu yake na pembeni yake asitoboe. Ni jambo jema sana, na nimelikuta limefuatwa kwenye majengo ya serikali na ya wamisheni. Kwenye nyumba za watu binafsi zilizojengwa kidogo kidogo kwa miaka minane, mafundi wanne wakipokezana, kanuni unaanza nayo tu, kama mtu anavyoanza na "hujambo". Mazungumzo yenyewe yanafuata.

Mzee alianzia kwenye swichi. Unazima meni, ile swichi kuu ya nyumba, unapima kwamba kweli pamezima, unafungua swichi na kuivuta nje, halafu unachungulia ndani ya boksi kwa tochi. Paipu imeingilia upande gani? Ikiingia kwa juu, imetoka darini. Ikiingia kwa chini, imepita sakafuni, na hapo jiandae. Ikiingia kwa ubavu, angalia boksi linalofuata upande huo kwenye urefu uleule. Kisha hesabu waya. Swichi ya taa moja ikiwa na waya mbili, ni moto kwenda na moto kurudi. Ukikuta nne au tano, kuna kitu kingine kinachokula hapo, na mara nyingi ni ile taa ya nje ambayo kila mtu ameisahau. Kwa Hajati, kama ningeifungua ile soketi kabla ya kushika drili, ningeona paipu inaingia kwenye kona ya juu kulia ya boksi, imelala upande. Hakuna paipu nyofu inayoingia hivyo. Ilikuwa kazi ya skrubu mbili tu.

Kutoka kwenye boksi unapanda darini. Nyumba nyingi zetu za chini zina mabati, na chini yake dari ya mbao au ya soft bodi. Panda asubuhi, kabla ya saa tatu. Saa saba mchana chini ya mabati utatoka umepikwa, na nyigu huwa wamechangamka. Ukiwa juu unaziona paipu zinavyozama ndani ya kichwa cha ukuta. Pima kutoka pembe ya nyumba mpaka paipu, shuka, pima umbali uleule ukiwa chumbani, angusha timazi. Mstari wa uzi wa timazi ndio njia yake, isipokuwa fundi alikutana na linta akaikwepa. Kwenye linta za zege juu ya milango mafundi wengi hawakati, wanapinda pembeni kisha wanarudi. Kwa hiyo kando ya fremu za milango natoboa kwa woga kuliko mahali pengine popote.

Halafu kuna tochi, na hii ndiyo naipenda kuliko zote kwa sababu haina gharama. Subiri usiku, au funga mapazia. Egemeza tochi ubavuni mwa ukuta ili mwanga ukwaruze uso wa plasta, usiupige moja kwa moja. Ukuta uliokuwa laini mchana unageuka ramani. Mfereji uliochimbwa ukazibwa baadaye karibu kila mara umezama kidogo au umevimba kidogo, na kivuli chake kinajitokeza kama mshipa kwenye mkono wa mzee. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa hivyo nilicheka. Nilikuwa nimefanya kazi ndani ya chumba kile siku mbili bila kuona kitu, na sasa paipu tatu zilikuwa zinanitazama. Rangi ya mafuta inaonyesha vizuri zaidi kuliko ile ya maji.

Maji nayo husema. Baada ya mvua za Aprili, ukuta wa nje ukiwa umelowa, tazama unavyokauka. Tofali la kuchoma lililolazwa kwa udongo linakauka kwa mwendo wake na ule ukanda wa saruji uliozibia paipu unakauka kwa wake. Kwa saa kadhaa unaona mstari wa rangi tofauti. Unaweza kuujaribu kwa ndani kwa kitambaa chenye maji ikiwa plasta haina rangi. Kugonga kwa mpini wa bisibisi sikuamini sana. Matofali yetu yana mashimo na nyufa zake, yanalia hovyo.

Kazi iliyonitoa ujinga kabisa ilikuwa Jinja, Main Street. Anayeujua mtaa ule anakumbuka maduka ya zamani ya Wahindi yenye majina na miaka imechorwa kwa saruji juu ya baraza. Wenyewe wengi walifukuzwa 1972 na Idi Amin kwa notisi ya siku 90, na pamoja nao zikaondoka funguo, risiti na michoro ya nyumba, kama michoro ilikuwepo. Mpangaji mmoja alitaka kugeuza ghorofa ya duka kama hilo kuwa vyumba vya wageni, na akataka nimwambie paipu ziko wapi kabla waashi hawajaanza kubomoa.

Nikaja na kalamu yangu. Meni imewashwa, taa zinawaka, kalamu kimya kila mahali. Nilidhani imekufa. Kumbe paipu zile ni za chuma, kazi ya zamani, na chuma kinaufunika umeme usinukike nje. Nikampigia tena Mzee. Akauliza kama bado ninayo ile spika ya redio iliyopasuka. Nilikuwa nayo. "Itoe sumaku yake, ifunge uzi."

Basi nilitembea ghorofani mle nikiwa na sumaku inaning'inia kwenye uzi kama mganga. Ukiwa mbali na chuma, sumaku inaning'inia sawa na timazi. Ukikaribia paipu, inaegemea ukutani, na ukiipeleka sentimita chache pembeni inaachia. Nikaweka nukta ya chaki kila ilipoegemea. Kufikia jioni nukta zilikuwa zimekuwa mistari, wima na mlalo, minyoofu kama ya askari gwaride. Yule fundi wa zamani, awe nani, alikuwa mtu wa kanuni. Pahala pawili sumaku ilijibamiza ukutani kwa nguvu na haikutaka kutoka. Nikachokoa plasta kwa tindo taratibu, nikakuta maboksi ya chuma ya maunganisho yamezibwa na kupakwa rangi juu. Ndani yake waya zilikuwa za vizazi vitatu: zile za mpira zilizofunikwa kwa pamba ambazo ukizigusa zinamomonyoka, kisha nyekundu na nyeusi, kisha kahawia na bluu za juzi juzi, zote zimesokotwa pamoja na kufungwa kwa utepe. Mahali hapo palikuwa panapata joto. Kwenye boksi moja plasta ya nyuma ilikuwa imegeuka rangi ya chai.

Nikagundua na jambo lingine. Katika kazi ile ya chuma, paipu yenyewe ndiyo iliyokuwa erthi. Maungio mawili yalikuwa yameliwa na kutu, kwa hiyo vyumba vyote vya nyuma havikuwa na erthi kabisa, na hakuna aliyejua kwa miaka mingapi. Nilimwambia mpangaji asibomoe ukuta wala asipake rangi. Avute waya mpya wote, pamoja na wa erthi. Alinuna, akahesabu pesa, akakubali nusu. Ile nusu nyingine tuliifanya mwaka uliofuata.

Baada ya kazi hiyo nilijiona fundi, nikanunua kile kifaa cha kisasa cha kutafuta vyuma na nyaya ukutani. Kina taa tatu na mlio. Kwenye ukuta mkavu wa tofali kinasaidia. Kwenye nguzo ya zege kinalia kwa ajili ya nondo, kwenye ukuta wenye unyevu kinalia kwa ajili ya unyevu, na kwenye paipu ya plastiki isiyo na waya ndani kinanyamaza. Ninacho bado. Wateja wanapenda kukiona, na bei inapokelewa bila ubishi.

Kwa paipu za plastiki zenye waya, redio ndogo ya AM imenisaidia zaidi. Chomeka kwenye soketi ya laini ile mashine kuukuu yenye mota ya brashi, drili au blenda, iwashe iungurume. Zile cheche ndogo za kwenye brashi zinamwaga kelele ndani ya waya. Weka redio mahali ambapo hakuna stesheni, na siku hizi kwenye AM ni karibu kote, halafu isogeze juu ya ukuta. Ukiikaribia paipu redio inachachamaa. Igeuze ubavu, kelele inapungua, igeuze tena inarudi. Kwa kuigeuza hivyo unajua hata waya umelala upande gani. Mwanafunzi wa kazi anahitajika wa kushika blenda, na majirani wavumilivu.

Sasa ile ya Kira. Nyumba ya ghorofa moja, mwenyewe yuko Uingereza anafanya kazi, nyumba anaiangalia shemeji yake. Soketi za chumba kikubwa cha juu zimekufa. Waya umeungua mahali ndani ya paipu, na paipu inapita ndani ya slabu, lile zege la kati ya chini na juu, kushuka kwenye breka zilizo chini ya ngazi. Tulivuta waya wa zamani, ukakatika. Tukaingiza ule waya bapa wa chuma wa kuvutia, ukafika mita 3.40 ukagoma. Kutoka chini nao ukagoma. Kuna mahali paipu imebanwa, na mahali hapo pako ndani ya zege.

Slabu ile ilikuwa ya maxpan, yale matofali mapana ya udongo yenye matundu yanayotoka Kajjansi. Yanapangwa safu safu, kati ya safu na safu inapita mihimili ya nondo, juu yake linamwagwa zege. Kwa kutafuta paipu ni afadhali kuliko slabu ya zege tupu, maana ukitobolea chini kwenye maxpan humgusi mtu. Ukitobolea kwenye mhimili umeharibu nyumba. Kwa hiyo lazima ujue.

Kijana niliyekuwa naye alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, yuko likizo. Tuliazima kile kifaa cha vipande viwili, kimoja kinatuma mlio ndani ya waya, kingine unakishika kama kijiti kikisikiliza. Awali nilikijaribu kwenye laini nyingine ya nyumba hiyo iliyo nzima, tukiwa tumeizima na kuitoa kwenye breka, nikabana koleo zake zote mbili kwenye waya mbili za paipu hiyohiyo. Kijiti hakikusikia kitu kikiwa shubiri moja kutoka ukutani.

"Bosi," kijana akasema, kwa adabu ya mtu ambaye ameshaliona kosa muda mrefu, "mlio unaenda na huu unarudi na huu. Ziko pamoja, zinazimana."

"Kwa hiyo?"

"Koleo moja tuipeleke nje, ardhini."

Tukapigilia kipande cha nondo kwenye udongo wa maua, tukakimwagia maji, koleo moja tukabana hapo na nyingine kwenye waya mmoja tu. Mlio ukaja mpaka unakera. Basi tukarudi kwenye paipu iliyoziba, tukausukuma waya wa kuvutia mpaka ulipogomea, tukaubana ule kwa koleo, kisha tukashuka chini kusikiliza dari. Nondo za slabu ziliutawanya mlio. Tulipata duara la kama nusu mita, si zaidi. Ndani ya nusu mita kuna maxpan na kuna mhimili.

Shemeji wa mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akitutazama. Akauliza kama picha zinaweza kusaidia. Picha gani? Kumbe tangu msingi, yule bwana wa Uingereza alimwamuru ampigie picha kila siku jioni, saruji mfuko kwa mfuko, nondo moja moja, asije akaibiwa. Simu ya shemeji ilikuwa na picha zaidi ya elfu. Tulikaa chini ya mwembe tukazirudisha nyuma mpaka siku ya kumwaga zege, na hapo tukaiona paipu yetu, nyeupe juu ya maxpan nyekundu. Kwenye picha iliyofuata, ubao wa kupitishia matoroli umelazwa juu yake. Matoroli ya zege mbichi yalipita hapo siku nzima.

Tulihesabu maxpan kutoka kwenye ukuta wa ngazi hadi chini ya ule ubao. Tulipotaka kuhakikisha vipimo, kijana akatafuta kwenye picha boksi la soketi. Boksi la aina hiyo tulilipima kwa futi, na hilo likawa rula yetu. Kwenye kuta tulifanya vilevile kwa mistari ya matofali: tulipima mistari kumi kwenye ukuta wa stoo usiopigwa plasta, tukagawa kwa kumi, na baada ya hapo kila paipu iliyokuwa kwenye picha tulijua iko kimo gani nyuma ya rangi. Hatukupima kwa tofali la mahali pengine, maana kila tanuri lina fremu yake.

Alama ya picha iliangukia ndani ya duara la mlio, katikati ya maxpan. Tukatoboa kutoka chini tundu la kupitisha mkono. Paipu ilikuwa hapo, imekandamizwa bapa kama mrija ulioumwa na mtoto. Tulikata kipande kifupi, tukaweka kingine na boksi lenye kifuniko kinachofunguka, kisha tukavuta waya mpya wa milimita 2.5 za mraba. Shemeji alitaka tuzibe boksi kwa plasta dari ipendeze. Nilikataa. Nilimwambia nimeshafukua mawili ya namna hiyo Jinja.

Sasa nikimaliza kazi, kabla ya mwashi hajapiga plasta, nampigia mwenye nyumba picha za kila ukuta, futi ya kupimia ikiwa imenyooshwa ukutani kutoka pembe. Ndani ya mlango wa boksi la breka naandika kwa kalamu ya wino paipu zilizopita sakafuni. Na katika kila paipu tupu naacha uzi wa katani. Hilo ni la Mzee. Alikuwa hawezi kufunga boksi bila kupitisha uzi wa katani ndani ya paipu ya akiba na kuufunga fundo tatu mwishoni. Akiulizwa wa nini, anasema wa mjukuu.

Mwaka jana niliitwa Wobulenzi, nyumba ya zamani ya mwalimu mmoja mstaafu. Alitaka kabati la vitabu lifungwe ukutani, na alikuwa ameshasikia habari za watu kutoboa waya. Nikazima, nikapima, nikafungua soketi. Paipu mbili. Ya kwanza ilinyooka juu. Ya pili iliingilia kwenye pembe ya boksi, imelala upande. Nikamwambia mwalimu afunge mapazia, nikaegemeza tochi, na mshipa ukajitokeza: mshazari safi, kutoka kwenye soketi mpaka kwenye taa ya mlangoni, umekata ukuta wa vitabu vipande viwili. Nikamwonyesha. Nilianza kumweleza kwa dharau kidogo habari za mafundi wa mkato. Nikiwa naongea nikaivuta ile paipu ya kwanza nione kama ina kitu, ukatoka uzi wa katani, umekauka, rangi ya tumbaku. Mwishoni una fundo tatu.

Nilitoka nje kwenye baraza nikapiga simu Bombo. Alipokea mkewe, akamwamsha. Nikamtajia nyumba, nikamtajia ukuta. Alikaa kimya kwa muda mrefu nikadhani mtandao umekatika.

"Wobulenzi," akasema mwishowe. "Siku ile paipu ziliniishia."

"Mzee, duka la vifaa si liko pale pale barabarani?"

"Ilikuwa Ijumaa, mwanangu."